Kijani, Jani la Nini?

Nimestaafu mwezi uliopita, na kabla sijazoea kuamka pasipo harufu ya tapentaini, nyinyi vijana wa karakana mmeniandama. Mnataka kujua kwa nini minara yetu ya taa ya mwaka wa uhuru haifanani rangi. Wiki yangu ya mwisho kazini alikuja yule bwana anayekusanya vitu vya zamani, na minara mitatu ndani ya kikapu, kila mmoja na kijani chake, akataka tumwambie upi ni wa kweli na ipi ni ya bandia. Nyote mkanitazama mimi. Nami nikacheka mpaka mkanitafutia kiti.

Yote mitatu ni ya kweli. Mmojawapo niliupaka kwa mkono huu huu. Basi kaeni niwaeleze, na mniwie radhi nikicheka njiani, kwa maana sijawahi kukisimulia kisa hiki hadi mwisho bila kucheka. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilikuwa viwili tu, na mshahara nao ulikuwa na tabia ya kuniruka mimi.

Nilianza kazi miaka ya mwisho ya hamsini, msichana wa Mtongwe niliyemaliza shule ya misheni na kukataa katakata kufundishwa kushona. Baba yangu alikuwa Mrabai aliyehamia Mtongwe kwa ajili ya kazi ya bandarini. Karakana wakati huo ilikuwa Likoni, juu kidogo ya kivuko, nyumba ndefu ya mabati ambayo mchana ungeweza kuokea mkate ndani yake. Mwenyewe alikuwa Bwana Mendes, Mgoa mwembamba aliyevaa tai hata joto liwe la kuyeyusha nta. Hakuwahi kushika brashi maishani mwake. Kazi yake ilikuwa kuuza, na sisi kazi yetu ilikuwa kutengeneza kitu kimoja tu: mnara wa taa wa mbao, urefu wa shibiri moja, una mlango, una madirisha, una taa ya manjano kileleni na mistari myekundu na myeupe kiunoni. Abiria wa meli waliununua. Na wako watu duniani, msinicheke, wanaokusanya minara ya taa kama wengine wanavyokusanya stempu.

Siku ya kwanza nilipokewa na fundi mkuu wa rangi, Fundi Shee, mzee wa Kimvita wa ukoo wa zamani, kofia yake ya viua haina hata tone la rangi ilhali sisi wengine tulikuwa na rangi mpaka masikioni.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Waitwaje?"

"Yunisi."

"Yunusi," akasema, akitikisa kichwa kwa kuridhika. "Jina la mtume aliyemezwa na samaki. Utafaa kwa kazi ya bahari."

Nilimsahihisha siku hiyo, na kesho yake, na wiki iliyofuata. Mwishowe nilikuwa Yunusi mpaka mzee wa watu alipofariki, Mungu amrehemu, na hata leo nikisikia jina hilo mtaani hugeuka.

Akaniketisha mbele ya chombo nilichodhani kimewekwa hapo kwa ajili ya muziki. Kilikuwa gramafoni kuukuu, haina pembe, haina sindano, imebaki sahani ya kuzunguka tu. Mnara unausimamisha katikati ya sahani, unatia ufunguo, unazungusha, mnara unaanza kucheza kama bibi arusi, nawe unausogezea brashi. Nikasogeza. Mstari wangu wa kwanza ulipanda mnarani kama nyoka anayepanda mnazi. Wa pili ukamfuata mwenziwe. Nyuma yangu nikasikia mtu anacheka mpaka anakohoa.

Aliyecheka ni Bi Riziki, Mdigo wa Likoni hapo hapo, mchoraji wa madirisha na hodari wa utani kuliko wote niliowajua. "Mwacheni," alisema. "Amevumbua mnara wa kupanda kwa ngazi ya nje!"

Fundi Shee hakucheka. Aliinama, akaushika mkono wangu, akauegemeza kwenye kibao. "Usiipeleke brashi kwa mnara, Yunusi. Mkono wako ukae. Mnara ndio uje."

Maneno hayo ndiyo mafunzo yote ya kazi yetu. Mengine ni msasa. Na kuhusu msasa, mtu wa kumsikiliza alikuwa Kazungu, mkereza wetu, Mgiriama aliyekaa Changamwe na kuja kazini kwa baiskeli na feri. Yeye ndiye aliyeikereza minara ikatoka laini, naye alikuwa akisema rangi ni nguo tu, mwili ni wake.

Sasa tuje kwenye rangi zenyewe. Hata kabla ya uhuru minara yetu haikufanana, na kila mwenye macho alijua. Nyekundu ya juu ya kopo ni nyepesi, ya chini ni nzito. Ukipaka wakati wa masika rangi inachelewa kukauka na inafifia kama mtu aliyekesha. Ukipaka kiangazi inang'aa kama mabuyu ya kutiwa rangi. Kuna siku baharia mmoja Mzungu alirudi na minara miwili aliyoinunua safari mbili tofauti, akaiweka mezani ubavu kwa ubavu, akauliza kwa Kiswahili chake cha kuvunja mawe kwa nini mmoja umekasirika na mwingine haukukasirika.

Fundi Shee alivaa miwani, akaitazama kwa heshima zote. "Mwambie," akaniagiza mimi niliyejua Kiingereza cha misheni, "hata ndugu wa tumbo moya hawafanani. Amtazame yeye na nduguye."

Nikamwambia. Baharia akafikiri, akacheka, akanunua wa tatu.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, kwa raha, mpaka ulipofika mwaka wa uhuru.

Katikati ya mwaka ule Bwana Mendes alitukusanya. Tai yake ilikuwa imelegea, jambo ambalo hatukuwahi kuliona, tukajua kuna msiba. Akasema wanunuzi wake wanafunga mizigo. Wazungu wa Nyali wanauza nyumba, wanauza mpaka mbwa. Meli za abiria nazo zinapungua. Yeye mwenyewe ana binamu huko Goa anayemwita. Kwa hiyo atauza karakana, na asipopata mnunuzi ataifunga tu. Siku ile ile akatundika kibao nje: INAUZWA.

Bi Riziki alikuwa mjane wa watoto wanne. Kazungu ndiyo kwanza alikuwa ametoa posa. Mimi nilikuwa nimewatangazia wote nyumbani kwamba sitashona, na sasa niliuona uzi na sindano vikinisubiri mlangoni.

Fundi Shee ndiye aliyesema, polepole, kama anayeongea na brashi yake. "Wenye kwenda, Bwana, waende kwa salama. Lakini hawa wanaosalia, wao hawana meza za kuwekea kitu kizuri?"

Bwana Mendes alimtazama kama anayesikia lugha mpya. Kesho yake alivuka kwenda mjini kumwona Bwana Lalji, mwenye duka la zawadi, na akarudi na oda: minara ya uhuru, mizigo na mizigo, yenye mistari ya rangi za bendera mpya. Iwe tayari asubuhi ya mkesha wa sherehe. Sharti moja tu: yote ifanane. Bwana Lalji alikuwa mtu wa kupanga vitu dukani kwa safu, kama askari. Oda hiyo ikienda vizuri, alisema Bwana Mendes, huenda akafikiri upya juu ya kile kibao. Huenda.

Tukaruka kwa furaha. Kazungu alikereza mpaka vumbi la mbao likamfanya mweupe kama mzuka. Nyeusi tulikuwa nayo. Nyekundu tulikuwa nayo. Nyeupe ya uzi mwembamba katikati tulikuwa nayo. Kisha Bi Riziki akauliza swali lililotukalisha chini.

"Kijani. Jani la nini?"

Msicheke, na nyinyi fikirini. Bendera hatujaiona. Redio ilisema nyeusi, nyekundu na kijani, basi. Gazeti lilikuwa na picha yake kubwa, na gazeti lote lilikuwa jeusi na jeupe! Tuliitazama ile picha kwa mbali, kwa karibu, Kazungu akaiinua juani akaitazama kwa nyuma. Kijani kilikuwa rangi ya kijivu.

"Ni chanikiwiti," alisema Fundi Shee, yaani jani bichi kwa Kimvita chake. "Na jani bichi linalojulikana ni moya. Ni tambuu."

"Tambuu!" Bi Riziki akaweka mikono kiunoni. "Serikali nzima itafune tambuu? Jani ni la mkorosho. Nenda Kwale kote ukaone."

"Mnazi," akasema Kazungu kutoka kwenye kerezo lake.

Mimi nikasema mchicha. Wote watatu wakanigeukia kwa huruma, lakini mimi nilikuwa nimekulia kando ya bustani ya mchicha ya mama yangu kule Mtongwe, na sikuwahi kuona kijani kingine kinachoamka vizuri hivyo asubuhi.

Karakana yetu haikuwahi kuwa na kopo la kijani. Tulikuwa na bluu ya misingi ya minara na manjano ya taa, na kijani ilibidi tukizae wenyewe. Kila mtu akachanganya chake kwenye kifuu cha nazi. Tukaviweka vifuu mstari mmoja, tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Kazungu, aliyechoka na kelele, akasema kwao Changamwe yuko fundi cherehani anayeshona bendera za gwaride. Yeye ataenda, atarudi na kipande cha kitambaa, na maneno yataisha.

Akaenda. Tukamngoja kama watu wanaongoja mwezi wa Idi. Akarudi amekunja ngumi, tukamzunguka, akafungua mkono. Ndani mlikuwa na vipande viwili. Kimoja kilikuwa kijani cha chupa. Kingine kilikuwa kijani cha kasuku.

"Fundi anasema," Kazungu alieleza akitweta, "kitambaa cha kwanza kilimwishia njiani, akanunua kingine. Nikamuuliza, basi bendera ni ipi? Akaniambia, 'Ndugu yangu, zote zitapepea.'"

Bi Riziki aliketi sakafuni. Alicheka akilia, akasema tumbo linamkatika, naye Fundi Shee, ambaye sikuwahi kumwona akicheka kazini, alivua miwani akajifuta machozi kwa ncha ya kanzu. Tulipotulia, alisimama akashika kifuu chake cha tambuu.

"Zote zitapepea," akarudia. "Basi. Siku zimekwisha, na rangi lazima ikauke. Kila mtu apake jani alijualo."

Tukapaka. Sijawahi kupaka vile tena. Gramafoni tatu zinazunguka, sisi watatu tunaimba nyimbo tatu tofauti, Kazungu anatubebea minara mibichi kwenye chano kama anayegawa halua harusini. Bwana Mendes hakuona. Siku hizo alishinda mjini akiuza vyombo vya nyumbani kwake.

Bwana Lalji alikuja na gari lake siku tuliyopatana. Minara ilikuwa imesimama juu ya meza ndefu, inang'aa, mizuri mpaka inatia kiu. Alianza kwa tabasamu. Alipofika katikati ya meza tabasamu likasimama. Akachukua mmoja wa Fundi Shee, mmoja wa Bi Riziki na mmoja wangu, akaenda nayo mlangoni kwenye jua.

"Mendes," aliita. "Nilikwambia kijani kimoja."

Bwana Mendes akaja, akaangalia, akameza mate. "Ni... ni mkono wa mafundi, Bwana Lalji. Kazi ya mikono haifanani."

"Kazi ya mikono? Hii si bendera, bwana. Hii ni majimbo!" Akairudisha minara mezani, mmoja baada ya mwingine, kwa adabu, ndiyo maana iliuma. "Mimi nitapangaje hii dukani? Mteja ataniuliza ipi ni ya serikali. Samahani. Siwezi."

Gari likaondoka. Bwana Mendes hakutugombeza, na afadhali angetugombeza. Alivua tai, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Basi," akasema. "Tulijaribu."

Fundi Shee aliinua mikono kutaka kusema, ikamshuka. Alikuwa ndiye aliyetoa amri, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyevunja chombo cha watu. Kisha nikasikia kishindo: Bi Riziki alikuwa akivuta mkokoteni wa mbao kutoka uani.

"Bi Riziki, unafanya nini?" Bwana Mendes aliuliza.

"Bwana, hapo chini kivukoni inapita Mombasa nzima kwenda sherehe. Watu wamevaa nguo mpya na mikono yao mitupu. Wewe unataka minara hii ikae hapa ihesabu nzi?"

"Fanyeni mtakavyo," alisema Bwana Mendes, akaketi juu ya sanduku.

Tulipakia. Kazungu mbele, mimi na Bi Riziki nyuma, Fundi Shee na kofia yake kando, mkono mmoja juu ya mzigo kana kwamba anamsindikiza mgonjwa. Kwenye mteremko wa kivuko mkokoteni ulitushinda nguvu ukaanza kutukimbiza sisi, na hivyo ndivyo tulivyoingia sokoni mwa historia: tunapiga mayowe, minara inagongana, watu wanaruka kando. Tulisimama mbele kabisa ya foleni ya feri. Kila mtu aligeuka kutazama. Tangazo bora kuliko hilo sijaliona.

Wa kwanza kununua alikuwa mama wa Kidigo mwenye leso mpya. Alichukua mmoja, akaurudisha, akachukua wa Bi Riziki. "Huu," alisema. "Huu ni mkorosho wetu."

Bi Riziki alinitazama mimi kwanza, kisha akamtazama Fundi Shee, na sitausahau ushindi wa uso ule mpaka nife.

Akaja mzee wa mjini na bakora yake, akasalimiana na Fundi Shee salamu ndefu za watu wanaojuana mpaka babu, akaushika mnara wa tambuu, akaunusa! Wallahi aliunusa. Akanunua miwili. Akaja kijana wa bara, hamali wa bandarini, kifua wazi, akauinua wangu.

"Hii ndiyo yenyewe. Hii ni chai."

"Ni mchicha," nikasema.

"Dada, mimi nimechuma chai tangu nikiwa mtoto. Hii ni chai."

"Kaka, niliipaka mimi. Ni mchicha!"

Tulibishana mpaka foleni nzima ikaingia. Mmoja akasema ni mahindi machanga. Mwingine akasema nyote vipofu, hii ni mikoko ya Mtongwe. Watu wasiojuana walikuwa wakishikana mabega na kuonyeshana minara juani: la kwetu ni hili, la kwenu ni lile, tazama, tazama. Feri ilipiga honi, hakuna aliyepanda. Nahodha mwenyewe akateremka kuja kuona kuna nini, akaondoka na mnara kwapani. Nami nikamwambia yule hamali sawa, ni chai, kwa sababu alikuwa anaushika kama mtu anayeshika barua ya mama yake.

Tulipandisha mkokoteni mtupu alasiri ile tukiimba, hata Fundi Shee aliimba, na sauti yake haikuwa nzuri. Bwana Mendes alikuwa bado ameketi juu ya sanduku lile lile. Tulimweleza sote kwa pamoja, kwa kelele, na alikuwa akigeuza kichwa huku na huku kama kuku. Mwishowe akauliza, kwa aibu kidogo, "Mmeniachia mmoja?"

Tukatazamana. Hatukumwachia. Ulibaki mmoja tu rafuni, una nyeusi na nyekundu, sehemu ya chini nyeupe bado, haujatiwa kijani.

Fundi Shee aliuchukua, akausimamisha kwenye gramafoni. "Kwenu ni jani gani, Bwana?"

"Kwetu?" Bwana Mendes alianza kusema jambo juu ya Goa, akaacha. "Goa sijawahi kufika, Fundi. Mimi nilizaliwa hapo ng'ambo, Makadara. Mama alikuwa na mti wa mkungu uani."

"Mkungu jani lake hugeuka jekundu," alisema Kazungu.

"Ndiyo," alisema Bwana Mendes. "Nusu na nusu. Ndiyo hivyo hasa."

Fundi Shee akampa kifuu, akampa bluu, akampa manjano, akampa na tone la nyekundu. Kisha akamkabidhi brashi, akatia ufunguo, akarudi nyuma. Mstari wa Bwana Mendes ulipanda kama nyoka anayepanda mnazi. Rangi ilimtiririka kwenye vidole, ikaingia kwenye mkono wa shati, ikadondoka kwenye viatu vyake vya ngozi. Kilikuwa kijani kibaya kuliko vyote vilivyopata kutoka karakana ile, kama tope la mvua, na alikitazama kana kwamba mtu amemrudishia kitu.

Hakuna aliyecheka. Bi Riziki alitoka nje, nadhani alicheka huko, au alilia, sikumuuliza.

Sherehe zilipita, tulicheza, tulilala. Siku ya kurudi kazini tulifika tumechelewa, macho mekundu, tukijua kwamba labda tunafika kuaga. Kile kibao kilikuwa kimeondolewa nje na kugeuzwa juu chini, kimewekwa mezani, na juu yake vimepangwa vifuu vipya vya nazi. Bwana Mendes alikuwa amesimama mlangoni bila tai, ana rangi mpaka masikioni.

"Saa hizi ndiyo mnakuja?" alisema. "Kuna watu wameshafika hapa kuulizia jani la mwembe."